Masizi ya Taa na Majivu ya Jikoni

Nakumbuka Jumatano moja kule Ngungu, mjukuu wangu, nilipochota majivu jikoni kwa mama nikaenda kuyaharibu maisha ya baba yangu. Jana nilikuona umechuchumaa mbele ya lile gari kuukuu ulilolinunua Mubi, unazisugua taa zake kwa dawa ya meno huku unapiga mluzi. Nilitaka kukuita, nikaingia ndani. Kwa hiyo leo keti hapa. Ukisikia nimekuwa mkali, usidhani nimekukasirikia wewe. Ninayemkasirikia alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa na nywele nyeusi kama zako.

Baba yangu, Papa Zakaria, alimwendeshea gari mzungu mmoja wa mashamba ya pareto tangu mimi sijaota meno. Mzungu alipoagiza gari jipya, lile la zamani akamwachia baba. Watu wakasema Zakaria amepewa zawadi. Mimi nasema alipewa kitu kilichokuwa njiani kwenda kutupwa, maana hivyo ndivyo tulivyopewa vitu siku zile, na tukashukuru kwa mikono miwili. Mbele lilikuwa na kiti kimoja kirefu cha watu watatu, nyuma wazi kwa mizigo. Rangi yake iliwahi kuwa buluu. Sasa ukiligusa, unga mweupe ulibaki kiganjani kama umeshika chokaa. Taa zake mbili kubwa zilikuwa na vioo vizima, lakini lile bakuli la ndani linalourudisha mwanga lilikuwa limegeuka kijivu.

Mwaka ule nilikuwa nimeposa Itebero, msichana aitwaye Veronika. Kaka yake alifanya kazi shambani pamoja nasi, ndivyo tulivyojuana. Wazazi wake walikuwa wamekubali tuje na wazee wetu kuleta mahari, na safari ilikuwa ya siku mbili kushuka kutoka vilimani hadi msituni. Sasa, badala ya kufurahi, mimi nilikuwa nawaza gari. Niliona aibu kushuka mbele ya wakwe kutoka katika kitu kilichopauka namna ile. Kwenda kwa miguu nako niliona aibu. Kijana mwenye kiburi, mwanangu, hakosi cha kuonea aibu.

Nilimwambia baba nataka kulisugua hadi ling'ae. Alicheka.

"Motokari hii haina buchafu," akasema, "iko muzee tu. Muzee haumusugue na nguvu. Unamupakaa mafuta."

Akanifundisha, na nitasema ukweli, zile siku tatu ni za mwisho nilizokuwa na furaha naye isiyo na doa. Tulichimba dongo jeupe kwenye ukingo wa kijito, tukalianika, tukalichekecha kwa kilemba cha zamani cha mama mpaka likawa laini kuliko unga wa muhogo. Tukalilowesha kwa maji na mafuta kidogo ya taa. Baba aliniweka kivulini, akaniambia nisiguse bati likiwa na joto la jua, na nisishughulikie zaidi ya upana wa viganja viwili kwa mara moja. Mkono uende na kurudi, wepesi. Kwenye kona nipite kama sipiti, kwa sababu pale rangi huwa nyembamba. Kisha tukayeyusha nta ya nyuki, tukaipaka, tukaiacha ipoe, tukaipangusa kwa shati lake kuukuu la pamba. Buluu ikarudi. Siku ya tatu nilijiona uso wangu mlangoni mwa gari, nikajipenda.

Zikabaki taa. Baba akaniambia hizo nimwachie yeye.

"Pale ndani bazungu bamepaka feza," akasema, "nyembamba sawa ngozi ya kitunguu. Tutapangusa na masizi ya taa ya petroli, juu ya pamba, polepole, kutoka katikati kwenda inje. Siku ya posho, Jumamosi, jua likiwa muzuri. Macho yangu inaanza kuchoka."

Masizi! Nilitoka pale nacheka peke yangu. Mwanangu, kwetu kila mtoto amemwona mama yake ameinama mtoni na sufuria, mkononi majivu na mchanga, anapigana na masizi mpaka bati linawaka. Masizi ndiyo uchafu, majivu ndiyo sabuni. Tangu lini uchafu ukasafisha kitu? Nikajiambia mzee amechanganyikiwa, kwamba macho yakichoka na akili huchoka. Sikujua kwamba masizi ni laini hata hayawezi kukwaruza yai, na kwamba majivu yana meno.

Jumatano ile baba alikwenda kusaidia kuezeka kanisa. Mimi nikafungua skurubu, nikatoa vioo, nikaingiza mkono na majivu yangu, na kwa tamaa nikaongeza mchanga wa mtoni. Nikasugua kama mama. Kijivu kikatoka. Chini yake kikatokea kitu cha manjano, kinachong'aa kama shaba ya kengele ya misa, na kweli kilikuwa shaba, mwanangu, kwa sababu fedha yote nilikuwa nimeiosha na kuimwaga chini pamoja na maji machafu. Nikarudisha vioo, nikasimama mbali, nikaona nimefanya kazi ya fundi. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, lakini mimi mlango ulinitosha.

Jioni baba alirudi akazunguka gari. Aliinama karibu na taa, akakunja macho.

"Ulishatengeneza?"

"Njo, papa," nikakubali.

"Na masizi?"

Ningeweza kusema. Neno lilikuwa fupi. Lakini alikuwa ameuliza kwa tabasamu, na mimi nilikuwa nimevimba kwa sifa.

"Na masizi, papa. Kama ulisema."

Akanigonga bega kunipongeza. Mpaka leo nauona mkono ule.

Tukasafiri watu watatu: baba, baba mdogo Matayo, na mimi kwenye usukani, kwa kuwa macho ya baba hayakufaa tena jua likianza kushuka. Nyuma tulipakia mbuzi, majembe, na vitenge vya mama mkwe. Watu wa njiani walisimama kututazama, nami nilipiga honi bila sababu. Usiku wa kwanza tulilala kwa katekista mmoja. Siku ya pili, tulipokwisha kuipita Walikale, mvua ikanyesha. Siku zile mvua ikinyesha barabara ilifungwa kwa mti uliolazwa katikati, na magari yalingoja ardhi ikauke. Tulingoja mpaka alasiri ikaisha. Mlinzi alipouinua ule mti, baba hakuniacha niondoke. Alinishika mkono juu ya usukani.

"Musitu inafunga mapema," akasema. "Sema kweli. Taa iko muzuri? Kama haiko muzuri, tulale hapa. Bakwe batangojea."

Aliniuliza mara ya pili, mwanangu. Mungu ni mwema, humpa mwongo nafasi mbili. Nilifikiria kulala pale kwenye kibanda cha mlinzi pamoja na mbuzi, nifike kwa Veronika nimepakaa matope.

"Iko muzuri, papa. Twende."

Tulikwenda. Saa nzima haikupita, miti ikaziba mbingu. Nikawasha taa. Kwanza nilidhani hazijawaka. Mbele ya gari kulikuwa na wekundu hafifu, kama makaa ndani ya jiko lililofunikwa, na ukiishia hatua tatu tu, maana shaba iliyokwaruzwa huumeza mwanga badala ya kuurudisha. Hatukuweza kugeuza, barabara ilikuwa nyembamba, upande mmoja mlima na upande mwingine bonde. Baba mdogo Matayo akaanza kunigombeza. Baba alishuka, akavua koti lake zuri la safari, akalitandika kwenye kiti, akabaki na shati jeupe.

"Fuata shati," akaniambia. "Nikisimama, simama."

Basi baba yangu akawa taa. Alitembea mbele yetu kwenye matope, mzee wa watu, akikagua barabara kwa miguu yake, nami nikimfuata kwa mwendo wa konokono. Tukafika kwenye daraja la magogo. Akainama kuangalia kama magogo yamekaa sawa. Alipoinama, shati likazama gizani. Nilikanyaga breki, naapa nilikanyaga, lakini matope hayajui breki. Gari likateleza polepole, upole kabisa, likambana mguu kati ya bampa na gogo.

Sitakusimulia sauti niliyoisikia.

Watu wa kijiji cha jirani walikuja na mienge, wakafunga kipoyi, machela ya miti na kamba, wakambeba. Hivyo ndivyo tulivyofika Itebero, baba juu ya mabega ya watu, mimi nyuma na mikono yenye damu. Gari lilibaki darajani na nta yake. Baba yake Veronika, Papa Musafiri, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, alitoka nje, akamtazama baba, akanitazama mimi.

"Siye tulikuwa tunangojea muzee Zakaria," akasema. "Motokari, ni nani aliiita?"

Sijawahi kupigwa fimbo iliyouma kama ile.

Wazee wa pale, ingawa ni watu wa kanisa, hawakuwa wamesahau ya kwao. Walikaa wakasema damu imeitangulia mahari njiani, na ndoa ya namna hiyo hawaipokei. Mbuzi walirudishwa. Veronika nilimwona mara moja tu, mlangoni kwa mama yake, analia. Aliolewa kwingine. Bibi yako nilimpata miaka mingi baadaye, na kwao nilikwenda kwa miguu.

Siku ya tatu, kabla hawajampeleka hospitali ya misheni kukatwa mguu, baba alimwomba Matayo amletee taa moja ya gari. Akaiweka tumboni, akatoa kioo, akaingiza kidole. Hakuangalia. Alipitisha ncha ya kidole taratibu kutoka katikati kwenda nje, kama alivyonifundisha, na kidole kikawa kinakwama kwenye mikwaruzo.

"Hii iko majivu," akasema.

Nilipiga magoti. Hakunitazama.

"Juu ya taa sikasirike. Taa ni kitu, inakufa. Lakini kule kwenye muti nilikuuliza, mutoto. Tungelala."

Kisha akaugeuza uso ukutani.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeisikia methali hiyo makanisani na arusini, watu wanaitikia na kucheka. Hawakutuambia kwamba guu linaweza kuwa la mkuu mwenyewe, na mjinga akabaki na yake mawili, mazima, ya kumtembezea majuto mpaka uzeeni.

Baba aliishi miaka sita baada ya hapo, ameketi mlangoni na gongo lake. Gari lilivutwa hadi nyumbani na halikwenda tena popote. Kuku walitagia ndani. Lakini kila mwisho wa mwezi baba aliniita, akaniamuru nilipake nta. Nilichekecha dongo, nikayeyusha nta, nikapangusa, naye amekaa hapo anasikiliza kitambaa kinavyopita juu ya bati, maana macho yalikuwa yamezimika. Sijui kama alikuwa ananiadhibu au alilipenda tu gari lake. Sikuthubutu kumwuliza. Siku tuliyomzika lilikuwa linang'aa kuliko siku ya Itebero, na taa zake zilikuwa za manjano vilevile.

Basi sikia, mwanangu. Gari lako lipendezeshe, sikukatazi. Lioshe, lipake, ujione uso mlangoni kama nilivyojiona. Lakini kilichopauka si lazima kiwe kichafu, na mkono unaotakatisha sufuria unaweza kuipofusha taa. Mzee akikupa neno linalokuchekesha, mwulize sababu yake kabla hujacheka. Na hayo yote ni madogo. Taa nilizoziharibu zingesamehewa siku ileile, tungelala na mbuzi, tungefika asubuhi na matope yetu, na leo ningekuwa na hadithi ya kuchekesha. Kilichomkata baba mguu ni "iko muzuri, papa." Ukiharibu kitu, sema umekiharibu, umwachie mwenzako nafasi ya kuamua kama atapanda na wewe.

Mungu aziangaze njia zako, za mlima na za msitu. Awalinde miguu wote watakaotembea mbele yako. Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, akupe ulimi wa kusema nimekosa kabla mti wa barabarani haujainuliwa.

Sasa lete taa moja ya gari lako niishike. Macho yangu nayo yanaanza kuchoka, na mimi pia siku hizi naona kwa kidole.