Fundi wa Lifti na Bintiye

Fundi wa lifti wa jengo letu aliitwa kutoka nchi ya mbali, kwa kuwa mafundi wa aina yake kwetu ni adimu. Mikono yake ilinuka grisi hata siku za mapumziko. Lifti ikikwama, huupapasa mlango akiwatuliza waliomo: "Msiwe na wasiwasi, ndugu zangu, nawatoa." Mchana hula ameegemeza simu ukutani, akipiga soga kwa video na bintiye aliyemwacha mchanga. Hatimaye kibali cha familia kumfuata kikatoka. Mkewe alipoingia na mtoto, fundi alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Mtoto akamkagua kuanzia utosini hadi viatuni.

"Mama," akanong'ona, "kumbe baba ana miguu!"

Fundi akacheka huku machozi yakimlengalenga, akaenda na kurudi mbele ya lifti, ili mtoto aione miguu hiyo ikitembea.