Debe la Mnunuzi wa Mawese

Sina njia ya kupita Rumonge bila kuchekwa, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Uhuru ni wa juzi tu, na ziwa limepanda hadi kuingia nyumba za ufukweni. Bwana Sadiki alikuja kutoka Bujumbura kuandika mpango wa maendeleo ya nchi. Nilimpenda mtu yule. Kila aliyeomba soko au shule alimuuliza kwa upole, "Na maji yakipanda tena, watu watapita wapi?" Asiye na jibu, soko lake halikuingia kwenye mpango.

Mimi, karani wa komini, serikali yetu ya hapa mjini, alinipa kazi ya zoezi la kukimbia mafuriko: nitoe ishara yoyote ya kelele, watu wakimbilie mlimani, naye angewangoja huko na wageni wake.

Nikajiona mjanja. Hapa kwetu hakuna kinachowakimbiza watu kama debe analopiga mnunuzi wa mafuta ya mawese akifika ufukweni. Nikaliazima, nikasimama pale pale anaposimama yeye, nikalipiga kwa nguvu zangu zote.

Walikuja wote. Vijana waliwapokea wazee mizigo, wamama waliwashika watoto mikono, hakuna aliyesukumwa. Sijaona mji ukikimbia vizuri namna ile. Ila walikuwa wanateremka, kila mmoja na bidoni yake ya mafuta.

Jirani yangu, Mama Zaina, akaweka yake miguuni pangu. "Amahoro, karani. Leo unanunua bei gani?"

Nikainua macho mlimani. Mahali pa usalama walisimama Bwana Sadiki na wageni wake tu, wakitutazama.