Jiko la mkaa na swali alilolikosa Neema

Jamani, naandika nikiwa mvuani, nisameheni nikikosea herufi.

Niko Sikonge, kwenye kibarua cha tumbaku. Leo mvua na baridi tangu asubuhi. Mimi na mwenzangu Jumanne tukaingiza jiko chumbani, tukafunga mlango. Mkaa ulishakolea, hata moshi hakuna.

Jumanne akasema kichwa kinamuuma, akalala. Nikajua malaria.

Nikampigia binti yangu Neema, yuko nyumbani Kasulu, kwa video. Anasoma sayansi kwenye programu ya simu, inamfundisha kisha inampima kwa maswali. Mimi huwa namwambia huo ni mchezo tu.

"Shikamoo baba. Hilo jiko liko ndani?"

"Marahaba. Ndiyo, si unaona baridi hii, mwanangu."

"Baba, fungua mlango! Mkaa unatoa hewa ya sumu, haina harufu! Tokeni!"

Nikacheka. Nikajaribu kusimama, miguu ikagoma.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikajikokota, nikafungua, nikamburuta Jumanne hadi kwenye matope. Nikamzaba kofi. Kimya. La pili, akafumbua macho: "Unanipigia nini, mshenzi wewe?"

Sijawahi kufurahia tusi namna hiyo.

Neema bado yuko kwenye simu, analia. Nikamuuliza, programu ndiyo imekufundisha?

"Ndiyo baba. Ila swali hilo nililikosa. Nilijibu mkaa ukishakolea hauna madhara. Ndiyo maana sijalisahau."

Hata mimi ningejibu hivyohivyo.

Jumanne amepelekwa zahanati. Mimi niko nje, nalowa. Mlango uko wazi, jiko limezimika, na bado naogopa kuingia.

Wewe unayesoma hapa, jiko lako liko wapi sasa hivi?