Siku Sita za Mwalimu Naserian

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji wa moyo, Mkuu wa Mashine alinipa kiti mbele ya pampu. "Ukiketi hapa, Sister, damu ya mtu iko mikononi mwako. Hata kupiga chafya uombe ruhusa." Nilikuwa nesi kijana kutoka Kitengela. Niliketi pale mpaka nikaota mvi.

Nyinyi mnaoanza, mtakutana na hili: vali, ule mlango mdogo wa moyo, imeshonwa vizuri, lakini moyo unakataa kuamka. Hapo tunaacha mipira miwili kifuani. Mmoja unatoa damu, inapitia kwenye pampu na kutiwa oksijeni, na mwingine unairudisha mwilini. Moyo unapumzishwa. Ukipata nguvu ndani ya siku chache, mnashukuru Mungu. Usipopata, mtu anashikiliwa na mashine tu.

Naserian alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Illasit. Homa ya utotoni ilikuwa imemharibia vali. Tulimshonea nyingine, lakini moyo ukakataa kuamka. Siku ya pili kwenye mashine, mumewe, Lemayian, alinisimamisha nje ya wodi.

"Sister, niambie ukweli. Atarudi nyumbani?"

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeuona moyo wa Naserian kwenye skrini. Ulikuwa umelala tu. Lakini mwanamume huyo hakuwa ameketi tangu jana yake, na macho yake yalinishinda.

"Anaendelea vizuri, baba. Atarudi."

Akaenda Illasit kuwaambia watoto kwamba mama atarudi. Siku ya sita alirudi na barua walizomwandikia mama yao. Daktari Mkuu wa Upasuaji akamketisha, akamweleza kwamba moyo haukuamka, na sasa damu ilikuwa imevuja kwenye ubongo.

"Lakini Sister alisema..."

Daktari akanitazama.

Lemayian aliinama, akaongea na mkewe kwa Kimaasai, muda mrefu. Alipomaliza, alisogea kando akanipisha. Nilibana mipira, nikazima pampu.

Nimestaafu sasa. Wengi niliowahudumia walitoka kwa miguu yao, na majina yao nimeyasahau. Mwaka jana nilikutana na Lemayian kwenye kliniki moja Kajiado. Tulisalimiana, nikamwomba msamaha.

"Kifo niliwaeleza watoto, Sister, wakaelewa," alisema. "Lakini mpaka leo nikiwaahidi kitu, yule mdogo ananiuliza, 'Baba, ni ukweli, ama ni kama ile ya mama?'"