Muto Yenye Ilinyamaza

Ile mwaka tulikula bukari ya unga wa manjano, yenye ilikuwa inanuka gunia na kukataa kushikana mu mukono, bwana yangu alikuwa anatumika ku fonderi, kule banayeyusha shaba, shiye tunakaa mu kampo ya batumikaji. Masomo yangu ilikwisha ku mwaka ya pili, lakini moshi nilijua kuisoma. Upepo ukigeuka, mwenye kuona wa kwanza anapiga kelele: "Bamama, nguo!" Shiye wote mbio ku kamba, juu ile moshi ilikuwa inatoboa bikwembe kama mende. Tunakohoa, tunacheka. Ile kucheka naitamani mpaka leo.

Sasa bajukulu yangu banaandika ku masomo: uchafuzi wa hewa, wa mayi, wa udongo. Maneno muzuri. Shiye tulikuwa na pua na masikio.

Nilikuwa na mboga ya lengalenga nyuma ya nyumba. Nateka mayi ku kisima, ndoo kwa ndoo, na majani inabakia madogo. Yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, alilima ku muto yenye ilitokea ku fonderi. Yake majani makubwa kama sahani. Ku soko bantu banapita kwangu, banasimama kwake.

Siku moja akaniita. "Mudogo, nimekukatia kipande ya shamba. Mayi iko pale pale, unainama tu."

Nikaenda. Mayi ilikuwa ya kijani ya kupendeza, majiwe pia. Nikasikiliza. Kimya. Mama alitufundisha tangu utoto: mbele ya kuteka, sikia kwanza bachura.

Nikamwambia: "Mayi yenye haina bachura, miye sitatia ku mboga yangu."

Yaya akacheka mpaka akashika tumbo. "Sitwayene, mwananchi wetu, unauza mboga ao bachura?"

Kesho yake bamama ba soko bananililia nikipita: kroo, kroo! Mafungu yangu inanyauka juu ya meza. Miye si mwanamuke wa kukimbia kicheko, lakini ku nyumba samaki ilikwisha.

Bwana yangu akachoka. "Batoto banakula lengalenga asubui na mangaribi. Dada yako anangoja jibu leo. Ukikataa, anapatia mwingine."

"Weye ku kazi banakupa maziwa ya kutosha sumu ya moshi," nikamwambia. "Benye kula mboga yangu, nani atabapa maziwa?"

Akavaa kofia yake. "Basi nimwambie nini?"

"Mayi yenye haina bachura, miye sitatia ku mboga yangu."