Mshahara wa Marehemu

Keneuoe Ramatla hakuwa mwizi. Tuanze hapo, maana kuna watu huko milimani Thaba-Tseka ambao hadi leo wakisikia jina lake wanatikisa kichwa kana kwamba alivunja duka. Hakuvunja duka la mtu. Sawa, posho ya kukodi farasi aliila, hiyo tumhesabie. Lakini kosa lenyewe, lile lililomganda rohoni, lilikuwa la kalamu.

Alikuwa mdadisi wa takwimu za serikali. Anapanda milimani na madodoso yake, anapiga hodi, anauliza: mnakula nini, mnauza nini, nani analeta nini. Majibu yanashuka Maseru, mji mkuu, yanajumlishwa, na mwisho wake inatoka namba moja ya kuiambia dunia Basotho wana pato kiasi gani, na kama limepanda au limeshuka tangu mwaka jana. Na pato letu miaka ile halikuwa la kuhesabu ndani ya mipaka peke yake. Ndani kulikuwa na nini? Kondoo, mahindi ya kubahatisha, na upepo. Wanaume walikuwa chini ya ardhi ya nchi jirani wakichimba dhahabu, na walicholeta nyumbani ndicho kilichoinenepesha ile namba. Kwa hiyo swali la mume aliye mgodini lilikuwa kubwa kuliko yote, na Keneuoe alijua kuliuliza. Alikuwa na sura ya binti wa mjomba wako aliyepita kusalimia tu, na watu walimwambia hata yale ambayo hawakuulizwa.

Ng'ambo ya mto alikuwa na nyumba moja tu, ya 'Malikeleli, mke wa Phakiso. Mwaka wa kwanza wa kupangiwa nyumba hiyo, mwezi wa Februari, alifika kwa farasi wa kukodi, akakaribishwa motoho, ule uji wetu mchachu wa mtama, akafungua dodoso.

"Mumeo anakutumia kiasi gani kwa mwezi, mama?"

"Maloti mia nne! Andika kwa herufi kubwa," alisema 'Malikeleli, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Na Krismasi alikuja mwenyewe, na blanketi juu. Andika na blanketi."

"Blanketi lina mahali pake, mama, tulia."

"Basi andika na kwamba anakoroma. Au hiyo serikali haitaki kuijua?"

Walicheka mpaka uji ukamwagika. Keneuoe aliondoka pale akimpenda yule mama, na hilo ndilo linalouma.

Mwaka wa pili mto ulifurika. Mwenye farasi alimtazama Keneuoe, akayatazama maji, akasema, "Dada, farasi huyu ananilisha. Serikali hainilishi." Akamrudisha zizini. Maji yangeshuka baada ya siku nne au tano, kila mtu alijua hivyo. Keneuoe angengoja. Hakungoja. Alikuwa na mafua, alikuwa na hamu ya kurudi kwa wanawe, na jiko la shangazi yake Nthatisi lilikuwa linawaka vizuri. Akavuta kiti, akatoa nakala ya mwaka uliopita, akaanza kunakili.

"Hao watu wamekujibu lini?" shangazi aliuliza, akikatakata mboga.

"Mwaka jana."

"Na mwaka huu?"

"Shangazi, watu wa kule hawabadiliki kwa mwaka mmoja."

"Haya, mama msomi," alisema shangazi, akaendelea na mboga zake.

Na kazi aliifanya kwa ustadi, jamani, hilo tusimnyime. Alitumia kalamu mbili, ya buluu na nyeusi, ionekane aliandika siku tofauti. Mshahara wa Phakiso aliupandisha maloti thelathini, maana mishahara hupanda. Krismasi alimleta nyumbani. Akamletea mkewe jiko la mafuta ya taa na redio mpya, kwa sababu nyumba isiyonunua kitu mwaka mzima ingeshtua wakaguzi.

Mwaka wa tatu hakukuwa na mafuriko ya kusingizia. Mto ulikuwa umekauka, mbwa angevuka bila kulowesha tumbo. Keneuoe hakuvuka. Kosa la kwanza alilifanya akiwa na aibu. La pili alilifanya akiwa anakula mahindi ya kuchoma.

Mwaka wa nne aliitwa Maseru. Msimamizi wake, Ntate Mokhele, yaani Bwana Mokhele, mzee wa miwani miwili, mmoja puani na mmoja kifuani, alikuwa amepanga karatasi mezani, mwaka kando ya mwaka.

"Kuna kitu hakiniingii akilini," alisema. "Migodi inafukuza watu. Mabasi yanawarudisha kila wiki, hata mimi mtoto wa dada yangu karudi. Ukiangalia hesabu zetu, pato lilipaswa kushuka. Lakini milimani mishahara ya mgodi inapanda. Inapanda vipi?"

Keneuoe alisema hajui.

"Nenda ukaulize upya. Nakutuma wewe kwa sababu madodoso yako ndiyo safi kuliko ya wote, nayaonyesha kwa wageni wanaojifunza kazi. Na anza na ile nyumba ya ng'ambo ya mto. Usiione ni nyumba moja. Katika hesabu inasimama badala ya nyumba mia nne na kumi na mbili."

Alijua kanuni hiyo, alifundishwa siku ya kwanza kazini. Lakini kujua ni jambo moja, na kuambiwa mbele ya karatasi zako mwenyewe ni jingine. Alikuwa amefufua si mume mmoja, bali wanaume mia nne na kumi na wawili, wote wakishuka mabasi ya Krismasi na redio mikononi. Alikuwa hajui bado kwamba neno hilo, kufufua, lilikuwa neno sahihi kabisa.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Ng'ambo ya mto mashamba yalikuwa makavu, na shamba la Phakiso halikuwa limelimwa kabisa. Mwanamke aliyetoka mlangoni Keneuoe hakumtambua mpaka aliposema.

"Mwenye maswali! Mmenikumbuka?" Mwili wote ule ulikuwa umekwisha. Ilibaki sauti, nayo nusu. "Karibu ndani. Motoho hakuna, nisamehe."

Keneuoe aliketi, akafungua dodoso.

"Ntate Phakiso yuko wapi siku hizi, mama?"

'Malikeleli alimtazama kama mtu anayetaniwa vibaya. "Phakiso amekufa, mwanangu. Anaingia mwaka wa tatu. Mapafu. Mgodi ulimrudisha akikohoa, na vumbi lao likammalizia hapa hapa. Kwani ninyi hamkujua?"

Yule mama akaendelea, kwa sababu alikuwa na jambo lililomkaa muda mrefu.

"Wewe ndiye niliyekuwa nataka kukuuliza. Walipita watu wa unga wa msaada, kabla ya msimu wa baridi. Vijiji vyote vya bondeni vilipata, sisi hatukupata. Karatasi yao ilisema huku hela ya mgodi bado inaingia. Sasa huku nani anaulizwaga maswali? Mimi peke yangu, kila mtu anajua. Basi majirani wakasema ninapokea hela ya marehemu kwa siri. Tlali, mdogo wake Phakiso, amechukua maksai wote wawili, anasema atawarudisha nikionyesha hela za kaka yake. Wanawake wenzangu hawaji kunisaidia kulima. Mtu akikohoa kisimani najua ni mimi ninayesemwa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nimekaa nikafikiri, labda ni mdomo wangu. Ule mwaka wewe ulipokuja nilijisifu sana. Hebu nikumbushe, mwanangu, nilisema nini? Nilikosea wapi?"

Hapo ndipo Keneuoe alipotamani ardhi ipasuke. Alikuja kurekebisha namba. Angeweza kuandika ukweli, akafunga dodoso, akapanda farasi, na hakuna ambaye angejua. Nusu ya roho yake ilikuwa tayari mlangoni. Lakini yule mama alikuwa anangoja kuambiwa kosa lake.

"Hukukosea, mama. Ni mimi. Miaka miwili sikuja. Niliandika nikiwa nimekaa jikoni kwa shangazi yangu."

"Uliandika nini?"

"Kwamba yupo. Anatuma. Maloti mia nne thelathini, halafu mia nne sitini."

"Amepandishwa mshahara." 'Malikeleli alisema hivyo polepole. "Na nini tena?"

"Alikuja Krismasi. Alileta jiko la mafuta. Na redio."

"Redio! Na ilikuwa inashika stesheni gani, hiyo redio yangu?"

Keneuoe alianza kulia. Yule mama hakumbembeleza, na kwa nini ambembeleze? Alitwaa blanketi lake, akajifunga, akasimama.

"Machozi yako yaweke. Twende kwa chifu, ukayasemee huko."

Chifu Makhaola alikuwa mtu wa maneno machache. Aliita watu, Tlali akaja, wanawake wakaja na mikono kifuani. Keneuoe alisema yote mbele yao, mpaka zile kalamu mbili. Alidhani akishasema yatakuwa yamekwisha.

"Kwa hiyo ulipoandika ulidanganya," alisema chifu.

"Ndiyo, morena."

"Na sasa unaposema, hudanganyi."

"Sidanganyi."

"Tutajuaje?"

Tlali aliruka. "Wamepatana hawa! Shemeji kamgawia kidogo, naye kaja kumsafisha. Karatasi ya serikali ilisema hela inaingia. Leo huyu anakuja mikono mitupu, eti tuikane karatasi kwa ajili ya mdomo?"

Watu waliguna, na mguno haukuwa wa kumuunga mkono Keneuoe. Maskini, miaka yote neno lake lilikuwa linaaminiwa mpaka Maseru. Siku aliyosema kweli halikutosha kuwarudisha maksai wawili. Chifu akaamua: alete karatasi nyingine, yenye muhuri uleule.

Alishuka Maseru. Ntate Mokhele alimsikiliza, akavua miwani ya puani, akavaa ya kifuani, akaivua nayo.

"Binti yangu," alisema, "umeniaibisha. Lakini tusijiue. Tutarekebisha miaka ile, halafu chini ya jedwali tutaweka mstari mmoja: takwimu za nyuma zimesahihishwa. Kila nchi inaweka mstari huo. Hakuna atakayeuliza."

"Kuna mtu ng'ambo ya mto anauliza, Ntate. Nahitaji barua. Yenye muhuri, iseme nilitunga."

"Nikiandika barua hiyo, lazima niandike na nyingine. Unaelewa?"

"Naelewa."

Alipewa barua mbili siku ile ile. Ya pili ilikuwa na mistari mitatu tu, ilimwachisha kazi na kumtaka arudishe mfuko wa madodoso. Miaka kumi na mmoja ya kazi, na kwa ada ya wanawe muhula ule ilibidi Nthatisi auze mbuzi. Yote hayo Keneuoe aliona ni halali yake. Alichokosa ni ile nafuu aliyotarajia kuipata baada ya kuadhibiwa.

Alivuka mto kwa miguu, hakuwa na cha kukodia farasi. Chifu aliisoma barua kwa sauti, akaugusa muhuri kwa kidole. Tlali aliwaleta maksai kabla ya jioni, akawaacha uwanjani bila kumtazama shemeji yake machoni. Wanawake wawili walikuja na jembe, wakasema wamepita tu.

Keneuoe alibaki kizingitini. Alikuwa anangoja neno. Tuseme ukweli, alikuwa anangoja kusamehewa, kama mtoto aliyekwisha chapwa anavyongoja aitwe kula.

"Kaa," alisema 'Malikeleli. Safari hii motoho ulikuwepo, mmoja wa wale wanawake alileta. Akammiminia. "Nina jambo moja, halafu uende zako. Sikukuambia mbele ya watu."

"Niambie, mama."

"Ule mwaka wa mafuriko, ulipokaa jikoni. Phakiso alikuwa bado hai."

Kikombe kilisimama kabla ya kufika mdomoni.

"Alikuwa humu ndani. Nilikuwa nimemsimulia habari zako, kwamba kuna binti wa serikali, anakuja Februari, anauliza vizuri, anaandika kila kitu. Akasema, huyo ndiye nitakayemwambia vumbi lilivyonifanya, na namna walivyonirudisha bila hata senti ya dawa, ili Maseru wajue. Hakuwa na nguvu ya kushuka mjini, unaelewa? Lakini wewe ungekuja. Nilimnyoa ndevu. Nikamvalisha lile blanketi la Krismasi, nikamkalisha hapo ulipokaa, aweze kuona njia."

Keneuoe aligeuka, akaitazama njia ile.

"Nikamwambia mto umejaa, hawezi kuja leo. Akasema, basi kesho. Maji yaliposhuka akakaa tena, siku tano. Jioni namrudisha kitandani, asubuhi ananiambia nimkalishe." 'Malikeleli alichukua kikombe mkononi mwa Keneuoe, maana kilikuwa kinamwagika, akakiweka chini. "Alikuwa ameyapanga maneno yake, anayarudia rudia asisahau. Mimi sikuyashika yote. Nilijua wewe utayaandika."