Mawe ya mizani ya babu

Leo nimeelea baharini kama kizibo cha chupa, nikalia ndani ya miwani.

Ulikuwa mtihani wangu wa mwisho wa uzamiaji, hapa Mafia. Mkondo unakimbia, wenzangu wanne wanashuka.

Mimi sishuki.

Kwenye mkanda nilifunga mawe manne ya mizani ya kahawa ya babu, ya tangu enzi za Mwingereza. Ziwani kwetu Muleba yalikuwa yananishusha vizuri tu. Mwalimu aliuliza kama uzito unatosha. Nikamjibu kwa yale majivuno yetu Wahaya mnayoyajua: unatosha.

Nyie mnaoijua bahari, mbona hamkuniambia kwamba maji ya chumvi yanambeba mtu juu?

Mkondo ukanipeleka peke yangu mpaka boti ikanifuata.

Nimefeli.

Nikampigia mama, yuko Izigo. Akamshukuru Mungu, kwanza kwa Kihaya, halafu kwa Kiswahili. "Maji yamekukataa, mwanangu. Rudi nyumbani."

Nilijifunza haya yote ili nikamtafute Deo, mdogo wangu. Mtumbwi wake ulizama ziwani mwaka jana, na mpaka leo hatujamzika.

Yeye mbona maji hayakumkataa?